Nani Anaelezwa, Nani Anaamrishwa?

Mwaka 2001 mkoa wa Kagera ulipata tasnifu mbili za uzamivu kwa mpigo, na zote mbili zilizaliwa Ulaya. Moja ni ya Gideon Kwesigabo, iliyotoka Chuo Kikuu cha Umeå, kaskazini mwa Sweden, nayo inafuata mwenendo wa virusi vya UKIMWI hapa kwetu tangu 1987 hadi 2000. Nyingine ni ya Aldin Mutembei, iliyotoka Leiden, Uholanzi, nayo inahusu ushairi na UKIMWI: namna sitiari na taashira zilivyobadilika katika fasihi simulizi ya Wahaya. Mmoja kahesabu watu, mwingine kasikiliza maneno yao. Zote mbili ziko kwa Kiingereza.

Nataka kuzitazama kazi za namna hii kama tunavyotazama riwaya. Najua wapo watakaoguna. Kijiweni kwetu, jirani na soko la Bukoba, nilipolitaja wazo hili mshikaji mmoja alicheka sana. "We bwana, sasa mhusika mkuu utamtafuta kwenye jedwali?" Ndiyo, nitamtafuta humo humo. Shuleni tulikaririshwa fani na maudhui mpaka tukawa tunaota fani na maudhui, lakini hakuna aliyetuambia kwamba hata ripoti ya ugonjwa ina msimulizi wake, ina msomaji inayemlenga, na ina watu inaowaacha nje ya mlango. Na wewe ndugu msomaji unayetaka kuwa mwandishi, hasa wewe mwenye barua ya chuo cha nje mfukoni, jambo hili litakukuta.

Nikiri mapema kwamba mimi lilinikuta. Nilikwenda nje kusoma biolojia, nikakaa miaka sita, na huko ndiko nilikogeuka mwandishi wa mambo ya sayansi na tiba. Sikukusudia. Usiku nilikuwa naandika hadithi zangu za Kiswahili ambazo hakuna aliyezitaka. Mchana nikapata kibarua cha kufupisha makala za madaktari ili zisomwe na watu wa kawaida. Mhariri wangu, mama mmoja mkali, aliirudisha kazi yangu ya kwanza ikiwa nyekundu kuanzia juu hadi chini. Kanuni yake ilikuwa fupi: msomaji hajui, lakini si mjinga. Neno gumu lifunguliwe. Tarakimu ionyeshe ilikotoka. Ukitaka mtu afanye jambo, kwanza mweleze sababu, kisha umwachie akili yake.

Niliipata kanuni hiyo upesi kwa sababu nilikuwa mgeni. Mtu aliyehama anashinda akieleza. Ndizi za kupika ni zipi na za pombe ni zipi. Kwa nini kwetu tunazika kwenye kibanja, kati ya migomba, na si makaburini mbali na nyumba. Ukishaweza kumweleza kibanja mtu ambaye hajawahi kuona mgomba, kumweleza kirusi hakukushindi. Ndiyo maana nasema, bila aibu, kwamba ughaibuni ni shule nzuri ya uandishi wa tiba. Ugomvi wangu uko kwingine. Nilipoanza kulinganisha nilichokuwa nawaandikia wazungu na nilichokulia nikikisoma ukutani kwenye zahanati ya kwetu Muleba, niliona kwamba sisi hatukuwahi kuelezwa. Tuliamrishwa tu.

Turudi nyuma kidogo. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania waliripotiwa Kagera, mwaka 1983. Kabla daktari hajasema lolote la maana, watu walikwishaupa ugonjwa jina: Juliana. Lilikuwa jina la kitambaa cha fasheni kilichokuja na watu wa magendo kutoka Uganda, baada ya vita ya 1978 na 1979. Wazee wanavyosimulia, waliokivaa ndio waliokuwa na fedha, ndio waliosafiri, na ndio walioanza kufa. Tazama kazi iliyofanywa na neno hilo moja. Linasema ugonjwa umeingia kwa njia gani, umeanza na nani, na unatembea na kitu gani. Lina makosa yake, maana kitambaa hakiambukizi, na lilimpa kila mwenye shati zuri sura ya mshtakiwa. Lakini kama dhana ya kwanza juu ya njia za maambukizi, si haba: biashara, barabara, mpaka, fedha. Wataalamu walipokuja na dodoso zao walizikuta barabara hizo hizo.

Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita "slim", yaani kukonda. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake walichapisha kwenye jarida la Lancet la Uingereza makala iliyouingiza ugonjwa huo wa Uganda katika vitabu vya tiba, na neno "slim" lipo kwenye kichwa cha makala. Mimi jambo hili hunisisimua kila nikilikumbuka. Jina lililotungwa na watu wa vijijini, Rakai na kandokando yake, limepanda ndege likakaa juu kabisa ya ukurasa wa jarida kubwa la tiba. Sayansi ilikopa neno kwetu. Sasa swali la mhakiki ni jepesi: deni hilo lililipwa kwa nini?

Mwaka 1987 ulifanyika uchunguzi wa kwanza mkubwa wa damu Kagera, ukiwa mwanzo wa mradi wa utafiti wa UKIMWI wa mkoa huu uliowaunganisha wataalamu wa Muhimbili na wa Umeå. Japhet Killewo na wenzake waliyachapisha matokeo mwaka 1990, na mwaka 1994 Killewo akatoa tasnifu yake Umeå. Miongoni mwa watu wazima, waliokuwa na virusi mjini Bukoba walikuwa asilimia 24.2. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10.0. Karagwe 4.5. Ngara na Biharamulo 0.4.

Hebu isome mistari hiyo kama shairi la mistari minne. Ukianzia mjini ukashuka kusini, namba inapungua kama sauti ya ngoma unapoiacha nyuma. Mtu mmoja kati ya wanne. Halafu mmoja kati ya kumi. Halafu wanne au watano kati ya mia. Halafu wanne katika elfu nzima. Mkoa mmoja, mwaka mmoja. Hiyo ni habari ambayo ingemfanya mtu wa Ngara mwaka ule ajue kwamba bado ana muda, na mtu wa Bukoba ajue kwamba kwenye benchi la kanisani lenye watu wazima wanane, wawili huenda wanavyo. Habari hiyo ilielezwa vizuri, kwa utulivu, kwa Kiingereza, kwa watu ambao wengi wao hawakujua Ngara iko upande gani wa dunia. Sisi wakati huo tulikuwa na bango la fuvu la kichwa.

Wapo watakaosema, ndugu yangu, namba zile zingezua hofu. Hofu ilikuwapo tayari. Kilichokosekana ni kipimo chake.

Kwesigabo aliikuta kazi hiyo akaiendeleza. Mjini Bukoba asilimia 24.2 ya 1987 ikawa 18.3 mwaka 1993, ikawa 13.3 mwaka 1996. Muleba ile 10.0 ikawa 6.8 mwaka 1996, ikawa 4.3 mwaka 1999. Magazeti yangeandika, na kweli huandika namna hiyo hadi leo, "maambukizi yameshuka". Hapa ndipo ninapoona tofauti ya mwandishi na mpiga chapa wa taarifa. Maana asilimia hiyo inahesabu walio hai wenye virusi siku ya kupimwa. Inaweza kushuka kwa sababu watu wameacha kuambukizana. Inaweza pia kushuka kwa sababu wenye virusi wamekufa, tena miaka ile dawa za kufubaza makali yake hazikuwapo. Serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Kushuka kwa namba kunaweza kuwa sherehe, kunaweza kuwa msiba. Utajuaje? Kwesigabo anakwenda kuwatazama vijana, na hasa wasichana wa miaka 15 hadi 24, kwa sababu kijana hajaishi na virusi muda mrefu kiasi cha kufa navyo. Akiwa navyo, amevipata juzi. Na kwa hao wasichana wa mjini Bukoba namba ilishuka waziwazi. Kwa hiyo, pamoja na misiba yote, kulikuwa na watu waliokuwa wamebadilika.

Nakumbuka nilivyoisoma hoja hiyo mara ya kwanza, chumbani kwangu, theluji dirishani. Dada zangu wa Bukoba, waliokuwa wakitukanwa kwenye kila mahubiri, walikuwa ndio ushahidi wa kwamba kitu kimefanyika. Ni mgeuko wa hadithi ambao mtunzi yeyote angeuonea wivu, nao umefichwa ndani ya tasnifu ya Umeå, kwa lugha kavu ya kitaalamu. Na Kiswahili chetu hakina hata neno moja lililozoeleka la kutofautisha asilimia ya wenye ugonjwa na kasi ya wanaoupata upya. Tunasema "kiwango cha maambukizi" kwa yote mawili, basi tunachanganya sherehe na msiba kwenye sentensi moja.

Hapo ndipo namgeukia Mutembei. Yeye aliuliza swali ambalo madaktari hawakuliuliza: watu wenyewe wanasemaje? Thamani ya kazi yake kwangu ni kwamba ameyachukua mafumbo ya Wahaya kuwa ni maarifa, mambo yenye historia, yanayobadilika watu wanapojua zaidi. Mwaka 2002 akaandika tena pamoja na watafiti wengine, wakiwamo wa Umeå, kuhusu lugha ya UKIMWI mjini kwetu na jinsi ilivyosaidia watu kuukabili ugonjwa. Kumbe mhesabu watu na msikiliza maneno waliweza kukaa meza moja.

Na si Kihaya tu. Angalia Kiswahili cha mitaani: ngoma, mdudu, umeme, kukanyaga miwaya. Chukua hilo la miwaya. Aliyekanyaga waya hakukusudia, hakuuona, na kwa macho huwezi kujua waya upi una umeme. Kama maelezo ya ugonjwa usioonekana usoni, mimi nalipa alama nzuri kuliko fuvu la bangoni. Kisha kuna ule mzaha maarufu wa kuzichezea herufi za AIDS, "Acha Iniue Dogedoge Siachi". Wahubiri waliuona ni upotovu. Mimi nausikia kama jibu la mtu aliyechoka kuamrishwa: umenifokea, nami nakufokea.

Hata jina rasmi lina kisa. UKIMWI wengine waliufungua kuwa Ukosefu wa Kinga Mwilini, wengine Upungufu wa Kinga Mwilini. Herufi ni zile zile, hukumu ni mbili. Mwenye ukosefu amekwisha. Mwenye upungufu amepungukiwa, na aliyepungukiwa anaweza kuongezewa. Kwa sayansi, "upungufu" ndio sahihi zaidi, maana kinga hupungua polepole kwa miaka. Ni kitu kidogo, lakini mtu alikaa akakifikiri. Vivyo hivyo na aliyesema "kufubaza" virusi: rangi ya kanga ikifubaa kanga haijachanika, ipo. Dawa haviondoi virusi, inavififisha. Huo ndio uandishi wa tiba ninaoutaka, na umefanyika kwa neno moja, bila kwenda Ulaya.

Sasa lawama yangu, maana tahakiki bila lawama ni salamu. Mutembei alirudi na Kiswahili mkononi. Mwaka 2005 alitoa riwaya yake Kisiki Kikavu, na mwaka 2009 kitabu cha uhakiki, UKIMWI katika Fasihi ya Kiswahili 1982–2006. Deni la maneno, kwa upande wake, amelilipa. Mzigo wa namba ndio haujarudi. Nimezunguka maduka ya vitabu ya Bukoba nikiulizia kitabu cha Kiswahili kinachomsimulia mtu wa kawaida hadithi ya 24.2 hadi 13.3, na kwa nini tunaamini haikuwa vifo vitupu. Muuzaji mmoja alinipa kijitabu cha mapishi. Siwalaumu wataalamu wa Umeå peke yao. Wao walikuwa na mtihani wa kufaulu na wasimamizi wa kuridhisha. Nailaumu zaidi safu yetu sisi, tunaojiita waandishi, tuliosoma UKIMWI kama maudhui ya kumuua mhusika ukurasa wa mwisho kwa kuwa alikuwa malaya. Ni riwaya ngapi tumesoma za namna hiyo? Kijana anakwenda mjini, anapata fedha, anapata mwanamke, anakonda, anakufa, hadithi inatufunga mkanda. Hiyo nayo ni bango la fuvu, ila lina sura kumi na mbili.

Na jambo lenyewe halijawa la zamani. Machi 2023, Bukoba Vijijini, watu walianza kufa kwa homa na kutoka damu. Siku za kwanza ulitajwa kuwa ugonjwa usiojulikana, na mitaani jina hilo likafanya kazi yake: kila mtu akajaza mwenyewe nafasi iliyoachwa wazi. Tarehe 21 Machi ikatangazwa kuwa ni Marburg, mara ya kwanza kuonekana Tanzania. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni: waliougua 9, waliokufa 6. Kwa haki, safari hii taarifa zilikuja mapema kuliko 1983, na zilikuja kwa Kiswahili. Lakini sikiliza sentensi zake: nawa mikono, usiguse, usisalimiane, toa taarifa. Kwamba virusi hivi hukaa kwa popo wala matunda. Kwamba mgonjwa huambukiza kwa majimaji ya mwili wake na hata maiti huambukiza, ndiyo maana mazishi yanakuwa hatari kuliko sokoni. Hayo uliyapata ukiyatafuta. Kwa watu wanaomwosha marehemu wao na kumzika hatua chache kutoka mlangoni, "usiguse" bila "kwa sababu" ni tusi. Ukiwaeleza, wanajua wenyewe pa kukata mila na pa kuishika.

Mfano wangu wa mwisho uko Muleba, nao hauhusu kifo. Katika vijiji vya wilaya hii ulifanyika utafiti wa vyandarua vya aina mpya, vyenye sumu ya kawaida pamoja na kitu kinachoitwa piperonili butoksaidi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza, likiegemea ushahidi wa Muleba, na mwaka 2018 matokeo kamili yakatoka kwenye Lancet lile lile. Yaani mbu wa kwetu, na watoto wa kwetu waliotobolewa vidole, wamebadili chandarua anacholalia mtoto wa nchi nyingine. Nilipokuwa nje niliandika muhtasari wa habari hiyo kwa Kiingereza na nikasifiwa. Niliporudi likizo nilimkuta shangazi yangu, upande wa Kamachumu, ana chandarua kipya, naye hajui kina nini. Mgawaji alimwambia: lala ndani kila siku.

"Sasa hiki kina nini ambacho kile cha zamani hakina?" akaniuliza.

Nikamwambia, shangazi, sumu ya chandarua ni ndugu ya pareto. Mbu wa siku hizi wana vimeng'enya vingi mwilini vinavyoivunja sumu hiyo kabla haijawaua. Hicho kilichoongezwa hakiui sana, kazi yake ni kuvifunga hivyo vimeng'enya, sumu ikapata nafasi.

"Eeh, kama mlevi aliyezoea pombe kali."

Hapo nikaona mtego, maana mfano ni mtamu na si kweli. Mbu mmoja hazoei. Wanyonge hufa, wachache waliozaliwa na uwezo huo hubaki, na ndio wanaozaa. Nikamwambia hivyo. Akakaa kimya kidogo, akasema basi ni kama mnyauko ulipopita kwenye kahawa: mibuni iliyosimama ndiyo watu walioikimbilia kuchukua mbegu. Nikasema ndiyo, hasa, ila hapa aliyepata mbegu bora ni mbu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Mama huyu alisoma darasa la nne.

"Na hayo waliyoyaandika kuhusu sisi yako wapi, mwanangu? Nisomee."

Tangu siku hiyo nayaandika kwa Kiswahili, yote, pamoja na namba. Nimefika ukurasa wa sita. Nimekwama mahali pa kueleza jinsi vijiji vilivyogawiwa, vipi vipate chandarua kipya na vipi cha zamani, bila mtafiti kuchagua. Niliandika "vilipigiwa kura". Shangazi akataka kujua wagombea walikuwa akina nani. Nikafuta, nikaandika "bahati nasibu", akasema hiyo ni kamari, serikali haiwezi kuwachezea watu kamari. Mwenye neno zuri kuliko hayo mawili anikute kijiweni, jirani na soko, jioni yoyote.